Mkia unadanganya: kumjua mdudu-koleo wa mchangani

Usiku maji yakiwa yamepwa, pita na tochi ufukweni Msimbati au upande wa Mikindani, mkoani Mtwara, juu kidogo ya pale bahari inapotupa mwani, vifuu na vipande vya makuti. Geuza gogo moja. Ukibahatika utamkuta mdudu mrefu mwenye rangi ya mchanga uliolowa, sentimita mbili au zaidi, ana mistari miwili myeusi mgongoni. Atakimbia hatua chache, atasimama, kisha atapinda tumbo kuelekea juu kama nge na kukufungulia koleo lililoko mwisho wa mwili. Mshike kwa vidole: anafinya kidogo, na mdomoni anatoa harufu ya nyama iliyooza. Harufu hiyo ni silaha halisi, kwa sababu mjusi au ndege anayewinda viumbe hai hana hamu na mzoga.

Katika fukwe za mchanga za nchi za joto, mdudu wa sura hii kwa kawaida huwa Labidura riparia, wa familia ya Labiduridae. Nasema "kwa kawaida" kwa makusudi, na sehemu kubwa ya makala hii inahusu jinsi ya kuliondoa neno hilo.

Kwanza jina. Mdudu-koleo anaitwa hivyo kwa koleo la mhunzi, lile la kushikia chuma cha moto. Fundi ujenzi aondoe mawazo yake kwenye koleo la kuchotea mchanga. Na wataalamu nao hawakwenda mbali. Labidura limeungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, labis yaani koleo na oura yaani mkia. Wengine mtaani humwita tu mdudu mwenye mkasi, na wanaeleweka.

Tatizo liko hapohapo kwenye jina. Kila anayemwona mdudu huyu humtazama mkiani, na mkia ndio unaopotosha kuliko kiungo kingine chochote. Majike wa familia tofauti kabisa wana koleo lililonyooka, lisilo na pambo, linalofanana kama sindano mbili za pakiti moja. Madume wa spishi moja wanapishana: mmoja ana koleo refu, mwenzake aliyekulia mahali pa njaa ana fupi. Tunutu, yaani wadogo ambao hawajakomaa, wote wana koleo la kike hata kama ni madume. Kwa sababu ya kutazama mkia, ukubwa na rangi, Labidura riparia peke yake imewahi kupewa majina mengi ya kisayansi, na mengi yamefutwa baada ya kugundulika kuwa ni mdudu yuleyule.

Wadudu-koleo wote ni oda moja, yaani kundi kubwa linalokusanya familia nyingi, iitwayo Dermaptera, yenye spishi zipatazo 2,000 duniani. Jina hilo lina maana ya bawa la ngozi: bawa la mbele ni fupi, gumu kama ngozi iliyokauka, halifuniki tumbo. Chini yake limekunjwa bawa la nyuma, jepesi kama utando na pana, kama feni ya mkononi iliyofungwa, kisha ikakunjwa tena mara kadhaa hadi ikaingia kwenye mfuko mdogo. Mwisho wa tumbo kuna koleo. Sifa hizo mbili zikikutana, bawa fupi na koleo, uko ndani ya oda.

Koleo lisipokuwepo, ondoa mkono haraka. Mdudu wa Nairobi, yule mwembamba mwekundu na mweusi anayejaa kwenye taa msimu wa mvua, naye ana mabawa mafupi na tumbo wazi, na kwa haraka watu humchanganya na mdudu-koleo. Huyo ni mbawakawa wa jenasi Paederus. Akipondwa kwenye ngozi maji yake yanababua na kuleta malengelenge siku ya pili. Mpulize atoke, usimpige kofi, kisha osha kwa sabuni. Mdudu-koleo hababui ngozi.

Safari ya uainishaji wao ni ndefu na ina mizunguko. Mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus aliwaweka pamoja na mbawakawa, kosa linaloeleweka ukilitazama bawa gumu la mbele. Mwaka 1773 De Geer alitoa jina Dermaptera. Mwaka huohuo Pallas alimweleza mdudu aliyempata kando ya mto Irtysh, Siberia, akamwita Forficula riparia, yaani wa kando ya maji. Leach akaanzisha jenasi Labidura mwaka 1815, na Verhoeff akaunda familia ya Labiduridae mwaka 1902. Kwa hiyo mdudu wa Msimbati anabeba jina lililozaliwa kwenye baridi ya Siberia, na bado linamfaa, maana anapenda mchanga wenye unyevu popote ulipo, wa mto au wa bahari.

Verhoeff hakutegemea mkia. Yeye na waliomfuata walichunguza viungo vya uzazi vya dume, ambavyo havibadiliki ovyo kwa chakula wala hali ya hewa. Katika Labiduridae na jirani zao Anisolabididae, dume ana viungo viwili vya kuingiza mbegu. Katika familia za Forficulidae, Chelisochidae na Spongiphoridae kimebaki kimoja. Hiyo ndiyo mipaka mikubwa ya oda hii, na tafiti za vinasaba za miaka ya karibuni zimeutikisa ukuta huo hapa na pale bila kuubomoa. Labidura riparia ana kituko chake pia: mtafiti Kamimura wa Japani alionyesha mwaka 2006 kuwa karibu madume 9 katika 10 huweka tayari kiungo cha kulia, ingawa cha kushoto nacho kinafanya kazi. Ni kama binadamu na mkono wa kulia.

Lakini kupasua tumbo la mdudu kunataka darubini na mkono mtulivu. Kwa mtu mwenye lenzi ya mkononi ya mara 10, njia ni mguu.

Chukua mdudu aliyekufa, mweke kwenye kisahani cheupe chenye spiriti kidogo ili asikauke, umlaze ubavu. Nyosha mguu wa nyuma kwa sindano mbili. Unyayo wake, sehemu ya mwisho inayokanyaga, una pingili tatu. Tazama ya pili, ya katikati. Ikiwa imepanuka pande zote mbili kama jani la umbo la moyo, umepata Forficulidae. Ikiwa imetoa ulimi mwembamba unaopita chini ya pingili ya tatu, ni Chelisochidae. Ikiwa ni ya mviringo tu kama pingili ya muwa, bila upanuzi wala ulimi, hao wote wawili wametoka, na Labiduridae bado yumo. Kosa la kawaida hapa ni kutazama mguu kutoka ubavuni tu. Moyo unaonekana ukiutazama kutoka juu. Kutoka ubavuni unaonekana mwembamba kama wa wengine, na utampeleka Forficulidae familia isiyo yake. Zungusha mguu, tazama juu na chini. Kosa la pili ni mchanga. Mdudu wa ufukweni huwa na chembe zimeganda kwenye vinywele vya unyayo, na chembe mbili zikikaa vizuri zinatengeneza moyo wa uongo. Mswaki laini wa mtoto unazitoa.

Ukishapita mguu, nenda kwenye papasi, zile nyuzi mbili za kichwani. Hesabu pingili kuanzia kichwani. Labidura riparia aliyekomaa ana nyingi, 25 na kuendelea, mara nyingine zaidi ya 30. Euborellia annulipes wa Anisolabididae, anayepatikana sana kwenye mbolea na bustani za nchi za joto, ana chache zaidi, 20 au pungufu, na karibu na ncha kuna mbili tatu nyeupe zilizojitenga kwa rangi, kama mtu amezichovya kwenye chokaa. Miguu yake ya njano ina pete nyeusi, na hana mabawa kabisa. Ukimkuta mdogo mwenye mabawa, unyayo wa kawaida na papasi fupi, fikiria Spongiphoridae. Hesabu hii inakwama kwa sababu mbili. Papasi hukatika, hasa kwa mdudu aliyepigana au aliyetiwa kwenye chupa iliyojaa wenzake. Hesabu upande mrefu, na kama pande zote zimekatika usikisie. Sababu ya pili ni tunutu: pingili za papasi huongezeka kila anapojivua ngozi, hivyo Labidura mchanga ana hesabu ya familia nyingine.

Tunutu kwa bahati ana alama. Hesabu pingili za tumbo zinazoonekana juu. Dume aliyekomaa ana 10, jike aliyekomaa ana 8. Tunutu ana 10 bila kujali jinsia. Basi koleo lililonyooka pamoja na pingili 8 ni jike. Koleo lililonyooka pamoja na pingili 10, karibu hakika ni tunutu. Dume wa Labidura riparia utamjua kwa koleo lenye mizizi miwili iliyoachana, jino dogo ukingo wa ndani baada ya katikati, na vichomo viwili vifupi nyuma ya pingili ya mwisho. Dume wa Euborellia ana koleo lisilo sawa, upande wa kulia umepinda kuliko wa kushoto. Haya ni mambo ya mkia, ndiyo, lakini yanaanza kuwa na maana baada ya mguu na papasi kusema yake.

Ndani ya Labiduridae kwenyewe hakuna umati. Spishi hazifiki mia. Labidura ndiyo jenasi ya kichwa. Nala ni wadogo, weusi au kahawia iliyoiva, miguu yao imepauka. Nala lividipes imesambaa Afrika, Asia na Australia, na huko Australia wakulima wanaijua kwa kula mbegu za mtama na alizeti zinazoota, ingawa papo hapo inakula wadudu wengine. Forcipula ni wa kando ya vijito. Madume wengi wana miiba ubavuni mwa tumbo. Anayewatafuta upande wetu aanze na mawe yaliyolowa kando ya vijito, si ufukweni.

Na kulikuwa na jitu. Labidura herculeana wa kisiwa cha Saint Helena, bahari ya Atlantiki, alielezwa na Fabricius mwaka 1798 na alifika milimita 84, karibu mara tatu ya ndugu yake wa Msimbati. Kwa muda wataalamu walimchukulia kama riparia aliyekua kupita kiasi, ndipo akarudishiwa uspishi wake. Mdudu mzima wa mwisho aliye hai alionekana 1967. Panya na tandu walioletwa na meli, na mawe aliyojificha chini yake kuchukuliwa kwa ujenzi, vinatajwa kuwa sababu. Mwaka 2014 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ilimtangaza kuwa ametoweka.

Sasa kukusanya. Tochi na mikono inatosha kwa kuanza, lakini usiku mmoja wa mitego unaleta zaidi. Kikombe cha plastiki cha mililita 250, kifukie mpaka ukingo uwe sawa na mchanga. Ukingo ukichomoza hata milimita tatu mdudu atauzunguka na kwenda zake. Hapo ndipo samaki wengi wanapoponyoka kwenye mtego huu, kama wavuvi wangesema. Tia maji sentimita mbili na tone moja la sabuni ya vyombo. Bila sabuni anaelea, anapanda mgongo wa mwenzake na kutoka. Funika kwa kifuu kilichoinuliwa na vijiwe vitatu, mvua na kaa wasiingie. Weka vikombe kumi kwa mstari, hatua tano tano, juu ya alama ya maji makuu. Siku za bamvua panda juu zaidi au vikombe vyote vitajaa bahari. Toa kabla jua halijachomoza: kwa joto la Mtwara, kufika saa nne asubuhi maji yameanza kunuka na viungo vinalegea.

Kuhifadhi ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Spiriti inayotakiwa ni ya asilimia 70 hadi 80. Ukiwa na ya 96, pima mililita 78 ukajaze maji hadi 100, utapata karibu 75. Pombe kali za dukani ni asilimia 35 au 40, mdudu ataoza ndani polepole huku nje anaonekana mzima. Spiriti ya zambarau inamtia rangi, na rangi ya miguu ni sehemu ya utambuzi. Formalini inamkakamaza, unyayo unavunjika unapougeuza. Baada ya siku moja mwaga, tia mpya, kwa sababu maji ya mwili yameizimua ya kwanza. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu na ikae ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka na utabaki na mdudu asiye na kwao. Andika mahali, wilaya, tarehe, umbali kutoka mstari wa maji, alikuwa chini ya nini, na jina la mkusanyaji. "Mtwara, ufukweni" ni lebo ya bure.

Ukitaka kumwona akiishi, mfuge jike. Boksi la plastiki, mchanga wa sentimita tano, unyevu wa kiasi kwamba ukifinya ngumi unashikamana lakini haudondoshi tone. Chakula ni unga wa dagaa na wadudu waliokufa, kidogo kidogo, maana mabaki huleta ukungu. Atachimba shimo, atataga makumi ya mayai meupe na kuyakalia. Huyalamba moja moja na kuyageuza. Mayai yaliyonyang'anywa mama huota ukungu siku chache tu. Joto likiwa zuri huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Usichungulie kila saa. Jike anayesumbuliwa hula mayai yake, na majike wawili kwenye boksi moja, kila mmoja atakula watoto wa mwenzake.

Kwa mkulima wa Newala au Nachingwea, Labidura ni mwindaji. Hula mayai na viwavi, hupanda usiku kwenye mashina, mchana yuko ardhini. Kwenye mahindi, wanaostahili kutafutwa ni Forficulidae, wale wa unyayo wa moyo: Diaperasticus erythrocephalus, mwenye kichwa chekundu, hujificha ndani ya majani machanga yaliyojikunja na hula mayai ya viwavijeshi vamizi, ambao wamo nchini tangu 2017. Ukifungua jani lililojikunja ukamkuta humo pamoja na majani yaliyotobolewa, usimhukumu kwa kukutwa eneo la tukio. Kupulizia sumu ya kuua kila kitu kunamwondoa yeye, na kiwavi aliyejichimbia ndani ya shina anabaki. Kwenye ghala la karanga, mdogo wa Spongiphoridae aitwaye Marava arachidis ana hata jina la karanga ndani yake. Mara nyingi akionekana ghalani, kuna unyevu na kuna wadudu wengine anaowafuata. Kausha magunia, yainue kwenye mbao, naye ataondoka.

Na habari ya kuingia masikioni? Hana hamu na sikio. Mdudu yeyote mdogo anaweza kupotea akaingia kwa aliyelala chini, mende akiwa mbele ya wote. Mafuta ya kula ya vuguvugu matone machache humtuliza aliyeingia, mradi sikio halitoi usaha wala halijatoboka, kisha zahanati. Usichokoe kwa kijiti.

Mkia unadanganya hata kwenye familia kongwe za oda. Tunutu wa familia ya Diplatyidae hawana koleo: wana nyuzi mbili ndefu zenye pingili nyingi, na zinageuka koleo wanapojivua mara ya mwisho. Nyuzi za namna hiyo ndizo walizokuwa nazo mababu wa wadudu-koleo kwenye visukuku vya enzi ya Jura, wakati mijusi mikubwa, yaani dinosaria, iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 ilikuwa bado inatembea.

Halafu kuna asiyekuwa na koleo maisha yake yote, na huyu hahitaji ufukwe. Wadudu wa familia ya Hemimeridae huishi kwenye manyoya ya panya buku, wale wale wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Mdudu ni bapa, kahawia, hana macho, hana mabawa, huzaa watoto hai, na hula magamba ya ngozi na ukungu bila kumdhuru panya. Badala ya koleo ana nyuzi mbili zilizonyooka. Walimwelezea mwaka 1871, akahamishwa hamishwa, akapewa hata oda yake mwenyewe, mpaka mwili wake na vinasaba vikamrudisha Dermaptera. Kwa wale wanaoita panya wa shambani samaki nchanga, nafasi ya kumwona iko kabla ya kuchuna: vaa glavu, mlaze panya aliyekufa karibuni juu ya shuka jeupe, chana manyoya ya shingo na mgongo kwa kitana chembamba kuelekea kichwani. Ukichelewa mwili ukapoa, watakuwa wameanza kuhama. Kwenye lebo andika na aina ya panya, kwa sababu yule mdogo wa jenasi Beamys ana mdudu wake tofauti, Araeomerus.